Mkulima wa Miaka Mia Moja na Kumi na Sita

Kama unataka kumkasirisha Ma Stephania wa Bugomora, gusa orodha yake bila kumuuliza. Nimefahamiana naye miaka kumi na mitatu, na katika miaka hiyo nimemwona akigombana na mwenyekiti wa kijiji, na katekista, na fundi wa genereta. Mara zote chanzo kilikuwa kimoja: mtu kaandika kitu mahali ambapo yeye alikwisha kuandika.

Kazi yetu ni moja. Yeye ni karani wa orodha ya wakulima wa kahawa kwao Bugomora, na mimi, Melkiory, ni karani wa Kimuli. Kahawa yetu inauzwa kama ya kilimo hai, isiyopigwa dawa wala kuwekewa mbolea ya dukani, na wanaoinunua wanataka kujua kila mbuni uko kwa nani. Kwa hiyo kila mkulima ana mstari wake kwenye kompyuta: jina, mwaka wa kuzaliwa, ukubwa wa kibanja chake, yaani shamba linaloizunguka nyumba yake, idadi ya migomba, idadi ya mibuni, na siku aliyokaguliwa mara ya mwisho. Makarani wote kumi na wanne wa Karagwe na Kyerwa tunatumia programu hiyo hiyo, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa akiteseka nayo peke yake, tuliunda umoja wetu. Mara mbili kwa mwaka tunakutana siku nzima. Tunafundishana, tunalalamika, tunakula ndizi kwa maharage, kisha kila mtu anapanda bodaboda kurudi kwao.

Ma Stephania alianza kazi hii mwaka 2006, wakati orodha ilikuwa daftari kubwa lenye jalada jeusi. Alichaguliwa kwa sababu alijua kupiga chapa. Alijifunza akiwa msichana, katika ofisi ya parokia, kwenye mashine ambayo herufi yake moja ilikuwa imekatika, na mpaka leo anapiga kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini. Sisi wengine tunadonoa. Kompyuta ilipokuja aliiogopa wiki mbili, hasa mausi, ambayo alikuwa akiinyanyua juu kama anayetaka kuangalia imekanyaga nini. Wiki ya tatu akaizoea, na wiki ya nne akaanza kutufundisha sisi.

Mambo mengine ya maisha yake ni ya kawaida, na mwenyewe angeshangaa nikiyaandika. Aliolewa mwaka 1989 na Rwegoshora, mtu mpole aliyependa kupogolea mibuni kuliko kuongea. Walizaa watoto watano. Lameck, wa kwanza, yuko Mwanza, na Jovin, wa pili, amebaki nyumbani. Rwegoshora alifariki miaka sita iliyopita, na nilikuwepo siku tulipomzika kwenye migomba yake mwenyewe. Mama huyu alilia siku nne, ya tano akaenda ofisini, kwa sababu msimu wa ukaguzi ulikuwa umefika. Wapo waliomsema. Mimi sikumsema, maana najua kazi nayo ni mahali mtu anapoweza kupumzikia.

Sasa hiyo siku ya mafunzo ninayotaka kuisimulia. Ilikuwa mwaka huu, Jumatano, katika ukumbi mmoja wa Isingiro wenye mabenchi ya kanisani na dirisha moja lisilofungika. Ma Stephania alifika wa kwanza kama kawaida yake, flashi yenye orodha ya Bugomora ikiwa imefundikwa kwenye pindo la kitenge, pale ambapo wanawake wengine hufundika nauli. Alinikuta nahangaika kuunganisha waya za projekta.

"Oraire ota, Melkiory. Umeweka ule waya kichwa chini."

"Nimeamka salama, Ma Stephania. Waya hauna kichwa."

"Una kichwa. Wewe ndiye huna."

Akauchomoa, akaugeuza, ukaingia. Ndivyo tulivyoianza siku, kwa furaha.

Mwalimu wetu alitoka Bukoba. Anaitwa Joanitha, binti wa miaka thelathini hivi, na nakiri kwamba nilikuwa nimejiandaa kumchukia, kwa sababu watu wa Bukoba wakija kwetu huongea taratibu mno, utadhani sisi masikio yetu yamefika jana. Huyu hakuwa hivyo. Alitupa shikamoo mmoja mmoja, akakubali punje za kahawa alizokaribishwa, akazitafuna, kisha akatuambia wazi alichokuja kufanya. Asubuhi angetufundisha kupanga na kuchuja orodha. Jioni kila karani angekuwa amesafisha orodha yake, na Ijumaa orodha zote zingepelekwa kwa wakaguzi.

"Mtu ambaye hayumo kwenye orodha ya Ijumaa," alisema, "kibanja chake hakitakaguliwa mwaka huu. Na mnajua kanuni. Kisipokaguliwa kinaanza upya. Miaka mitatu ya kungoja kabla kahawa yake haijakubaliwa tena kuwa ya kilimo hai."

Tuliijua hiyo kanuni. Kila karani ana mkulima aliyewahi kumlilia mlangoni kwa sababu yake.

Joanitha akahitaji orodha ya mfano. Akaomba ya Bugomora, kwa kuwa ofisini walimwambia ndiyo safi kuliko zote, na Ma Stephania akafundua pindo la kitenge chake kwa madaha, akatoa flashi, akakaa benchi la mbele mikono imepakatwa. Wakulima elfu moja na mia mbili wakatokea ukutani. Hakuna nafasi tupu, hakuna jina lililoandikwa mara mbili. Tulipiga makofi kidogo, na yeye akajifanya hasikii.

"Sasa tupange kwa mwaka wa kuzaliwa," Joanitha alisema. "Mkubwa juu, mdogo chini."

Akabonyeza. Mstari wa juu kabisa ukasema: Nsanzimana, amezaliwa 1909. Hali: yupo. Mibuni mia tatu na kumi. Mwaka jana amepanda mipya arobaini.

Kwanza watu walipiga hesabu vichwani. Kisha karani mmoja wa nyuma akasema, "Mia moja na kumi na sita! Na bado anashika jembe!" Ukumbi ukaangua kicheko. Nitasema ukweli, aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi. Sababu yake nitaieleza.

"Mama," Joanitha aliuliza naye akijizuia, "huyu mzee yupo kweli?"

"Yupo."

"Siku ya ukaguzi alikuwepo?"

"Alikuwepo. Amelala nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka mlangoni. Mkaguzi alimpita akienda kuhesabu mibuni."

Watu wakacheka tena, ila Joanitha aliacha kucheka. Akachuja orodha: wote waliozaliwa kabla ya mwaka 1935. Wakatoka ishirini na saba. Akawasoma jina kwa jina, na Ma Stephania, bila kuinuka, akawa anajibu: huyu alifariki mwaka wa mvua ya mawe, huyu alifariki akitoka hospitali, huyu tulimzika siku moja na mkewe. Hakudanganya hata mmoja. Kicheko kikapungua, kikaisha.

"Mama yangu," Joanitha alisema kwa upole, "hawa natakiwa kuwaweka 'amefariki' leo hii. Wote."

"Ukiwaweka hivyo, programu inafanya nini?"

Joanitha alijua, na sisi tulijua. Programu ile, mkulima akiandikwa amefariki, mstari wake wote unafungwa: jina, kibanja, migomba, mibuni. Kuufungua unahitaji jina la mrithi, na mrithi anahitaji barua ya ukoo. Na hapo ndipo penye taabu yetu. Kwetu mtu akifariki anazikwa kwenye kibanja chake, na kibanja kinabaki kinaitwa chake mpaka ukoo ukae umtaje mrithi. Ukoo hukaa ukitaka. Mtoto mmoja yuko Mwanza, mwingine Dar, wa tatu hataki kusikia jina la wa pili. Miaka inapita. Mjane yupo pale anapalilia, anachuma, anaanika, lakini mbele ya ukoo yeye si mrithi, na mbele ya programu hayupo kabisa. Mzee Nsanzimana mwenyewe alifariki zamani, na mwanawe akafariki kabla hajatajwa mrithi. Anayelima pale ni Kokubanza, mke wa huyo mwana, mama wa makamo mwenye wajukuu wanne. Mibuni mipya arobaini aliipanda yeye.

"Naelewa, mama," Joanitha alisema. "Lakini huu ndio utaratibu niliopewa."

"Basi tule kwanza," Ma Stephania alisema, akatoka nje.

Chakula kililetwa. Yeye hakula. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe karibu na tangi la maji, nikampa punje za kahawa nilizokuwa nazo mfukoni. Alizipokea, akatafuna moja.

"Umecheka," alisema.

"Nimecheka."

"Wewe una wangapi?"

Kimuli nina kumi na mmoja. Niliwaacha hai kwa sababu zile zile, na nilipoona wa Bugomora wanatoka ukutani nilicheka ili mtu asigeuke kunitazama. Nilimwambia. Niliona aibu, na ninaona aibu hata ninapoandika.

"Kumi na mmoja si wengi," alisema. "Yule binti hajaona wote wa kwangu. Amechuja wazee tu. Ninao arobaini na wawili."

"Waitu, Ma Stephania!"

"Na Rwegoshora yumo."

Nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kufikiri. Rwegoshora ni wa mwaka 1958, hakuweza kutokea ukutani. Lameck na Jovin hawajaelewana, ukoo haujakaa, na kwa miaka sita mama huyu amekuwa akimwandikia mumewe kila msimu: mibuni mia nne na sitini, imepogolewa, amekaguliwa, yupo.

"Nikimfuta natoka mimi," alisema. "Nisipomfuta, nani atajua? Leo ningeweza kunyamaza. Wafutwe wale ishirini na saba, mimi nibaki na wangu. Nimekaa hapa naifikiria hiyo tangu wapakue ndizi."

"Halafu?"

"Halafu nimemfikiria Kokubanza anapita mbele ya ofisi yangu."

Akainuka, akakung'uta kitenge, akaingia ndani. Nilimfuata nikiwa sijui atafanya nini, na nilimwogopea.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ubao wa karatasi. Akachukua kalamu ya wino mzito ya Joanitha bila kuomba. Makarani walikuwa bado wanafuta midomo.

"Kabla hujafuta," alimwambia Joanitha, "wa kwanza kutajwa awe mume wangu. Rwegoshora, kibanja namba mia sita na tatu. Amefariki miaka sita. Nimekuwa nikimwandika yupo. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Hapo ndipo nilipoinua mkono. Nilisema nina kumi na mmoja Kimuli. Mkono wa pili ukainuka, wa Desderius, karani mwenzetu wa Isingiro, mtu wa sala na asiyesema uongo hata akiuza mbuzi, na yeye ana tisa. Kisha mwingine. Kati ya makarani kumi na wanne, kumi na watatu walikuwa na wafu wao, na yule mmoja alikuwa na miezi miwili tu kazini. Joanitha alikaa chini.

"Sasa niambie," Ma Stephania aliendelea, "mkaguzi akija anakagua nini? Anampima Rwegoshora, au anapima mibuni?"

"Anakagua shamba."

"Shamba limefariki?"

"Hapana, mama."

Akachora karatasini mraba mkubwa. Ndani akaandika 603, migomba, mibuni, mwaka wa kukaguliwa. Pembeni akachora mraba mwingine, akaandika mtu. Kisha akavuta mstari kutoka mtu kwenda kibanja.

"Sisi tumevibandika hivi viwili pamoja," alisema. "Mtu na kibanja, mstari mmoja. Kwa hiyo mtu akifa tunazika na kibanja. Kibanja kikae peke yake na namba yake. Watu wakae peke yao. Mtu akifa, ufute ule mstari wa katikati tu, uchore mwingine uende kwa anayelima. Sisemi mrithi. Mrithi ni kazi ya ukoo. Nasema anayelima."

Joanitha aliufuata mstari ule kwa kidole, kutoka mtu mpaka kibanja. Kisha akacheka, lakini kicheko cha furaha, akisema kwamba hicho ndicho alichofundishwa chuoni muhula mzima, majedwali mawili na namba ya kuyaunganisha, na walioitengeneza programu yetu walitaka kumaliza haraka wakaacha. Alisema inawezekana. Jedwali la vibanja, jedwali la watu, na nafasi mpya ya msimamizi. Lakini yeye peke yake hakuwa na ruhusa ya kuamua nani aitwe msimamizi. Akatoka na simu kwenda kuongea na mkuu wa ukaguzi.

Tulimwona kupitia dirisha lile lisilofungika, akizunguka tangi la maji, akitikisa kichwa, akichora hewani kwa kidole. Dakika arobaini. Desderius alisali waziwazi. Ma Stephania alikaa kwenye kompyuta yake na kuanza kuandika namba za vibanja kwenye jedwali jipya, kana kwamba jibu lilikuwa limeshapatikana. Nilimwuliza itakuwaje wakikataa. Akasema watakuwa wamekataa orodha iliyopangwa vizuri.

Joanitha alirudi. "Wamekubali," alisema. "Msimamizi anatosha, kwa masharti. Barua ya mwenyekiti wa kijiji kwamba anaishi pale na analima, na sahihi ya mtu mmoja wa ukoo. Barua haimtaji mrithi, kwa hiyo hakuna anayepoteza haki yake. Barua zije kabla ya wakaguzi. Ijumaa majina yaende."

Sitajaribu kueleza zile kelele. Mama mmoja wa kutoka upande wa Karagwe alipiga vigelegele, na wapishi wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Desderius alitaka tuimbe, tukamwambia tufanye kazi kwanza. Tukafanya. Joanitha alitoka meza moja hadi nyingine akihamisha vibanja kwenda jedwali lao, na Ma Stephania akamfuata nyuma akisahihisha makosa yetu kwa kutupiga kofi la bega. Nilipigwa mara nne. Sijawahi kufurahia mafunzo kama siku ile.

Kila marehemu ilibidi aandikwe tarehe yake. Ukumbi ukawa mtulivu kwa namna nyingine, watu wakiulizana kwa sauti ndogo: yule mzee wa mlimani alikufa lini vile? Ma Stephania hakuuliza mtu. Alizijua zote. Mzee Nsanzimana akapumzika. Kwenye nafasi ya msimamizi akaandika Kokubanza, na pale pale akampigia simu.

"Kokubanza, kesho asubuhi nenda kwa mwenyekiti, mwambie nimekutuma mimi. Ndiyo. Hapana, hujafanya kosa. Umeandikwa. Wewe, kwa jina lako. Acha kulia, utaniharibia na mimi."

Wakafungwa arobaini na mmoja. Akabaki na mmoja. Makarani wengine walikuwa wameanza kukunja waya zao. Nilikaa karibu naye kwa sababu niliona mikono yake imetulia juu ya kibodi, na mikono ile huwa haitulii.

Aliweka alama kwenye 'amefariki'. Programu ikamwuliza kama ana uhakika, kama inavyouliza kila mtu kwa kila kitu.

"Sina," aliiambia. Kisha akabonyeza ndiyo.

Jina la Rwegoshora likatoka kwenye orodha ya waliopo, na kibanja namba 603 kikabaki, migomba yake yote, mibuni mia nne na sitini, kikimngoja mtu. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Alijifuta kwa kitenge, akavuta kiti mbele, akaanza kuandika. Na yeye anayepiga kwa vidole kumi bila kutazama, safari hii alidonoa kama sisi, kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi.

Miaka kumi na tisa ameandika majina ya wakulima wa Bugomora, zaidi ya elfu moja, na hakuna alilowahi kulikosea. Lake aliliandika Jumatano ile, saa kumi na nusu jioni, na alilikosea mara mbili.